Je, wajua kwa nini majumba ya sinema ya miji kama Dodoma yalikufa kabla televisheni haijafika?

Muulize mtu mzima yeyote pale Majengo au Kikuyu, mjini Dodoma, sinema zilikwenda wapi. Atakujibu bila kufikiri: ziliuawa na video na TV. Jibu hilo lina kasoro moja kubwa, nayo ni tarehe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati sinema za mikoani zilikuwa taabani tangu miaka ya 1980. Zanzibar nayo ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bado watu waliendelea kununua tiketi za sinema kwa miaka mingi. Mshitakiwa tunayemtaja kila siku hakuwapo eneo la tukio.

Ili kumpata mhusika, panda kwanza kwenye kile chumba cha juu cha mashine ya kuonyeshea picha, ambacho watazamaji hawakukiona.

Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine futi 90 kila dakika. Picha la Kihindi la saa tatu, basi, ni zaidi ya futi 16,000, karibu kilomita 5 za mkanda, zilizogawanywa katika magurudumu manane au tisa ya dakika ishirini na kitu kila moja. Kwa sababu hiyo mashine zilikuwa mbili. Gurudumu likikaribia kwisha, mtu wa mashine hukodolea macho kona ya juu kulia ya picha. Kinatokea kidoti, anawasha mota ya mashine ya pili. Baada ya sekunde saba au nane kinatokea kidoti kingine, hapo hapo anahamisha. Akipatia, hakuna anayejua kilichotokea. Akichelewa, pazia linabaki jeupe, miluzi inaanza, na wale wa viti vya mbele, vya bei ya chini, wanamwaga matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Halafu kuna mwanga. Mashine nyingi za enzi hizo hazikuwa na balbu. Zilikuwa na vijiti viwili vya kaboni. Ukivisogeza karibu, umeme unaruka katikati na kutoa mwanga mkali kama wa fundi wa kuchomelea vyuma. Vijiti huungua vikaisha, vikatakiwa vingine. Kaboni, vipuri, filamu zenyewe: vyote hivyo vilitoka ng'ambo na vilinunuliwa kwa fedha za kigeni.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, na haikuanza siku moja.

Biashara ya sinema katika miji ya bara ilikuwa zaidi mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Dodoma mtaa wao wa kibiashara umebaki na jina hadi leo, ni kata ya Uhindini. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye sinema aliyeguswa na sheria hiyo akajikuta mpangaji. Mpangaji gani atabadilisha paa au viti kwa hela yake? Wengi wa jamii hiyo wakahama nchi, na uzoefu wao wakaondoka nao.

Filamu nazo zikawa na mlango mmoja. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoundwa 1968, ndiyo iliyoshika kazi ya kuziingiza na kuzisambaza. Mimi sioni kwamba wazo lenyewe lilikuwa baya. Nchi changa ilitaka fedha ya tiketi ibaki nyumbani. Lakini baada ya bei ya mafuta kupanda na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hazina ya fedha za kigeni ilikauka. Katika nchi inayopanga foleni ya sabuni, nani angeidhinisha dola za kununulia picha za stelingi, yule shujaa wa filamu?

Mikoani ndiko kulikoumia zaidi. Nakala za filamu zilikuwa chache, zikizunguka mji hadi mji, na miji ya bara ilingoja Dar es Salaam ishibe. Stelingi hafi, wanasema, ila akifika mikoani alikuwa na mikwaruzo mwili mzima. Mkanda uliokatika na kuungwa mara nyingi unaruka maneno na sehemu tamu za ngumi. Mteja akiona hivyo mara mbili tatu, harudi. Na Dodoma, kumbuka, ilikuwa imetangazwa kuwa makao makuu ya nchi tangu 1973! Mipango ya jiji jipya ilichorwa, lakini cheo hicho hakikuleta kaboni.

Video zilipoingia kwa wingi, biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 na baadaye enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, zilikuta kumbi zenye njaa. Deki moja, televisheni moja na banda la mabati vilitosha. Baadaye mabanda yakapata watafsiri kama Lufufu, waliosimulia sinema nzima kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, jambo ambalo jumba la sinema halikuwahi kumpa mtazamaji. Kibanda umiza cha leo, kinachojaa Simba ikicheza na Yanga, kimetoka ukoo huo.

Majengo yenyewe yaliishia njia tofauti: maghala, maduka, kumbi za ibada. Drive-in ya Dar es Salaam, sinema ya wazi ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa 1966, leo kiwanja chake ni Ubalozi wa Marekani. Ukitaka kutambua jumba lililowahi kuwa sinema katika mji wowote wa zamani, tafuta ukuta mrefu wa pembeni usio na madirisha, kisha ingia ndani uangalie juu ya ukuta wa nyuma kama kuna vitundu vidogo vya mraba. Sakafu ikiwa inateremka kuelekea mbele, huna haja ya kuuliza, ingawa wenye maduka wengi walishaisawazisha kwa zege ili rafu zao zisimame wima.