Je, wajua kwa nini mchezesha vikaragosi wa Osaka hukaa miaka 10 akichezesha miguu tu?

Katika bunraku, tamthilia ya vikaragosi yenye makao yake Osaka, Japani, kikaragosi kimoja hushikwa na watu watatu. Hakuna nyuzi za kuning'iniza. Wachezeshaji wako palepale jukwaani, watazamaji wanawaona, ingawa mara nyingi wawili kati yao huwa wamefunika nyuso kwa kitambaa cheusi. Kiongozi huingiza mkono wa kushoto mgongoni mwa kikaragosi na kushika mpini wa kichwa; kwa mkono wake wa kulia huchezesha mkono wa kulia wa kikaragosi. Wa pili ana mkono wa kushoto tu. Wa tatu ana miguu. Mtindo huu ulianza mwaka 1734. Kabla ya hapo mtu mmoja alitosha.

Kwa desturi, mwanagenzi hukaa kwenye miguu miaka kama 10, kisha mkono wa kushoto miaka mingine 10 au zaidi, ndipo akabidhiwe kichwa. Miguu ya mbao ina ugumu gani hasa?

Kwanza, kazi yenyewe inaumiza mgongo. Mchezesha miguu hutembea ameinama chini kabisa, kando ya kiongozi, ambaye huvaa viatu virefu vya mbao ili kumwachia nafasi. Halafu vikaragosi vya kike kwa kawaida havina miguu kabisa! Anachofanya ni kukamata pindo la kimono na kukunja ngumi ndani yake. Ngumi ikisukuma kitambaa mbele, wewe uliyekaa kwenye kiti utaapa umeona goti.

Lakini hayo yote mtu mwepesi angeyashika kwa miaka michache. Kinachokula muda ni kwamba onyesho likishaanza, watatu hao hawasemezani. Kiongozi hutoa ishara kwa mwili wake na kwa kikaragosi chenyewe: bega linashuka kidogo, kichwa kinageuka, nyonga inasogea. Wa mkono wa kushoto huzisoma kwa kukitazama kichwa cha kikaragosi kwa nyuma. Wa miguu, huko chini alikoinama, haoni mengi, basi huegemeza mkono wake kwenye kiuno cha kiongozi na kuhisi hatua kabla haijapigwa. Wapo wanaoona huku ni kuwatesa wanagenzi. Mimi naona hilo ndilo darasa lenyewe: maarifa haya hayaandikiki, na siku atakaposhika kichwa, atakuwa anatoa ishara ambazo mwili wake ulizipokea kwa miaka mingi.

Mfano wa mtu aliyepanda ngazi hiyo ni mchezeshaji Yoshida Minosuke wa Tatu, aliyesifika kwa kuchezesha wahusika wa kike. Aliingia katika fani mwaka 1940 akiwa mtoto wa miaka 6. Mwaka 1994 serikali ilimtambua kuwa Hazina Hai ya Taifa, heshima wanayopewa mabingwa wa sanaa za jadi za Japani. Mwaka 1998 akapigwa na kiharusi, na mwaka uliofuata alikuwa amerudi jukwaani, ilhali kikaragosi cha shujaa wa vita chaweza kuzidi kilo 10, na uzito huo hubebwa na mkono wa kushoto wa kiongozi. Alistaafu Aprili 2021 akiwa na miaka 87, akafariki mwaka 2024.

UNESCO iliitangaza bunraku kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2003. Heshima hiyo ni nzuri, ila haimleti mtu wa kuinama miaka 10. Zamani wengi waliingia kupitia familia au wakiwa watoto wadogo. Tangu 1972 kuna mafunzo ya miaka 2 yanayosimamiwa na taifa, na zaidi ya nusu ya wasanii wa sasa wamepitia humo. Mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyeomba nafasi.

Na mafunzo hayo hayafuti ngazi. Kijana anayeyamaliza leo akiwa na miaka 22 bado ataanzia miguuni, na mambo yakimwendea vizuri, atashika kichwa cha mhusika mkuu amevuka 40.