Rangi Haipimi Unene wa Chuma

Bamvua likija, wenye majahazi wa pwani yetu hukipandisha chombo mchangani na kusubiri maji yakupwe. Kikishalala ubavu, fundi hukizunguka na nyundo ndogo, anagonga ubao mmoja baada ya mwingine na kutega sikio. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa mlio mfu, naye huuwekea alama ung'olewe kabla kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, haijaanza. Nimekagua meli na vivuko vya chuma kwa miaka mingi, na kazi yetu kwa msingi wake ni hiyohiyo: gonga, sikiliza, weka alama, rudi tena.

Nyundo yetu ya leo ni kipima unene. Unakwangua rangi sehemu ndogo kama sarafu, unapaka ute kidogo, unabandika kichwa cha kifaa chenye ukubwa wa kidole gumba. Mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii huingia kwenye bamba, hugonga upande wa pili na kurudi. Sauti hukimbia ndani ya chuma karibu mita 5,900 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi kwenye bamba la milimita 10 humalizika kwa sehemu tatu na ushei za milioni moja ya sekunde. Kifaa huhesabu muda huo na kukuonyesha unene, bila kutoboa chochote na bila kufika upande wa pili.

Lakini namba moja haisemi mengi. Chukua mfano wa bamba lililoanza na milimita 10. Ukaguzi wa kwanza linasoma 9.6, wa pili 9.3, wa tatu 8.2. Mkaguzi aliyeletewa hiyo 8.2 peke yake huenda akasema bado linafaa. Mwenye daftari lenye namba zote tatu atashtuka, kwa sababu kutu imeongeza mwendo. Atauliza kilichobadilika: rangi ya ndani imebabuka? Kuna mahali maji yanatuama? Ndiyo maana nasisitiza vipimo vichukuliwe palepale kila mara, na alama ya mahali iandikwe kwenye mchoro wa meli, siyo kichwani mwa fundi.

Kuna vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya meli. Zinki huliwa na maji ya chumvi badala ya chuma, na hiyo ndiyo kazi yake. Niliwahi kukuta kivuko kilichopandishwa chelezoni, mahali pa kutengenezea meli nchi kavu, baada ya zaidi ya mwaka, zinki zake zikiwa nzima kabisa, na mwenyewe amefurahi kwamba hatanunua nyingine. Zilikuwa zimepakwa rangi pamoja na mwili wa meli. Karibu na rafadha, yaani panga la kusukuma meli, chuma kilikuwa na vishimo vya kuingiza ncha ya kidole. Zinki isiyoisha haifanyi kazi.

Jambo moja nalisema kila ninapopata nafasi, kwa kuwa linaua. Kutu hula oksijeni. Tangi la farumi, yaani la maji ya kuipa meli uzito isiyumbe, lililofungwa miezi kadhaa linaweza kuwa na hewa isiyotosha uhai, na halina harufu ya kukuonya. Mtu hushuka ngazi, huanguka, mwenzake hukimbilia kumwokoa, naye huanguka juu yake. Fungua, pitisha hewa, pima kwa kifaa, weka mtu mlangoni. Asishuke yeyote kabla ya hapo, hata kama ni dakika moja ya kuokota tochi.

Kutu angalau huonekana. Ufa wa uchovu ni mgumu zaidi. Chuma kinachopindwa kidogo na kurudi, wimbi baada ya wimbi, mara mamilioni, hupasuka kwa mzigo ambao siku ya kwanza kingeubeba bila shida. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Alexander L. Kielland lililokuwa malazi ya wafanyakazi wa mafuta lilikatika mguu mmoja kati ya mitano, likapinduka ndani ya nusu saa. Walikuwemo watu 212, wakafa 123. Ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa weldi, wa milimita 6, uliofunga kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini kwenye moja ya mabomba makubwa yaliyoushika mguu. Kishikizo hakikubeba jukwaa, kwa hiyo hakikupewa uzito. Na ndani ya ufa wachunguzi walikuta rangi. Maana yake ulikuwepo tangu kiwandani, ukapakwa, ukapelekwa baharini.

Nikikagua, kwa hiyo, sianzii kwenye boriti kubwa. Naanzia kwenye vitu vilivyoongezwa baadaye: kishikizo cha taa, bomba jipya, kona ya mlango iliyokatwa kwa haraka. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwenye chuma kuziba kwa rangi au kupitisha weldi juu ni kuuficha tu. Kwanza tafuta ufa unaishia wapi, kwa unga wa sumaku au kwa wino wa kupenya, ambavyo huuonyesha hata pale jicho lisipouona. Kutoboa tundu kwenye ncha yake kunaweza kuusimamisha kwa muda. Kisha kipande kikatwe, kitiwe kingine, na chanzo cha mtikisiko kiondolewe.

Wenye vyombo vya ziwani huniambia maji baridi hayali chuma kama bahari. Ni kweli. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, na mwili wake umevuka miaka 100. Uchovu, hata hivyo, hauhitaji chumvi, unahitaji mawimbi na mitambo inayotetema tu.

Ukinunua kivuko kilichotumika, omba daftari la vipimo kabla ya kuzungumza bei. Muuzaji akiwa hana, hesabu gharama ya kukipandisha chelezoni, kukwangua na kupima upya mwili mzima, kisha uitoe kwenye pesa anazodai.