Kisukari na miguu inayowaka moto: maswali na majibu

Kwa nini miguu inawaka moto, hasa usiku?
Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu inayofika miguuni hutangulia kuumia. Ndiyo maana shida huanzia vidoleni: ganzi, kuchomachoma kama sindano, hata shuka likigusa unaumia.

Nikiloweka miguu kwenye maji ya moto nitapata nafuu?
Hapana. Mguu huohuo unaowaka ndani, ngozi yake huenda haihisi tena joto. Wagonjwa wanatufikia na malengelenge hadi kwenye kifundo, na wanaapa maji yalikuwa ya vuguvugu tu.

Na nikitia chumvi? Au nikiota moto kwa mbali?
Hapana, na hapana tena. Chumvi haipunguzi joto la maji, wala moto haujui kama una kisukari. Hata maji ya kuoga, yapime kwa kiwiko au mwambie mtu mwingine ayapime.

Kwa hiyo dawa ni ipi?
Kuna amitriptilini, ambayo kwa kawaida huanza na miligramu 10 au 25 usiku. Kuna duloksetini, pregabalini na gabapentini. Daktari huchagua kwa kuangalia umri, moyo na figo zako, kisha hupandisha dozi polepole. Nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usiziache siku ya tatu ukisema hazifanyi kazi, na usizikatishe ghafla. Hutuliza maumivu tu. Mishipa hulindwa kwa kudhibiti sukari. Ukiwa umetumia metformini (dawa ya kushusha sukari) kwa miaka, omba upimwe vitamini B12, kwani upungufu wake nao huleta ganzi.

Na diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, je?
Kwa maumivu haya husaidia kidogo mno, na figo ndizo zinazolipa. Tafadhali acha kujinunulia.

Maumivu yamekwisha yenyewe. Nimepona?
Kama hakuna matibabu yaliyobadilika, huenda mguu umekufa ganzi kabisa. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila siku.

Nina kidonda lakini hakiumi, naweza kusubiri?
Usisubiri. Kingeuma ungekuja zamani. Hakiumi kwa sababu mishipa imeharibika, na wakati huo maambukizi yanaweza kuwa yanaelekea kwenye mfupa. Miguu mingi tunayolazimika kukata ilianza na kidonda kisichouma. Njoo leo, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele.