Dashibodi ya mauzo inasema kweli? Dhana potofu kuhusu namba za kampeni

Programu za kuwatumia wateja watarajiwa barua pepe na meseji siku hizi zote zinakuja na dashibodi: grafu, miduara ya rangi, asilimia kwa kila kitu. Mameneja wanaipenda kwa sababu ni rahisi kuionyesha kwenye kikao. Lakini dashibodi haimwoni mteja. Inaona matukio yaliyorekodiwa na mitambo: seva imepokea, picha imepakuliwa, kiungo kimefunguliwa, simu imepigwa. Kutoka hapo hadi "mteja amevutiwa" kuna hatua kadhaa, na hizo huongezwa na msomaji mwenyewe kichwani. Hapa nimekusanya dhana zinazojirudia sana vikaoni. Kwa mifano nitatumia kampuni ya kubuni iliyoko Dar es Salaam, inayowauzia shule binafsi programu ya kukusanya ada.

Dhana: Barua iliyofunguliwa imesomwa

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, nayo imepitwa na wakati tangu mwaka 2021.

Ukweli ni kwamba hakuna anayejua kama barua pepe imesomwa. Mtumaji huficha ndani ya barua kapicha kadogo ka piseli moja kasikoonekana kwa macho. Picha hiyo ikipakuliwa kutoka kwenye seva yake, dashibodi inaandika "imefunguliwa". Mbinu hiyo ilikuwa na nafuu yake zamani. Septemba 2021 Apple ilitoa iOS 15 pamoja na ulinzi wa faragha kwenye programu yake ya Mail, na kwa aliyeuwasha ulinzi huo, picha zote za barua hupakuliwa na seva za Apple zenyewe, kimyakimya, hata kama mwenye simu hajaigusa barua kabisa. Haijalishi anwani yake ni ya Gmail au ya ofisini. Kinachoangaliwa ni programu anayosomea. Kwa hiyo mwalimu mkuu mwenye iPhone anaweza kuonekana amefungua barua zako zote tano, kumbe zote ziko palepale zilipoangukia.

Upande wa pili yupo anayesoma bila kuhesabiwa. Outlook ya zamani (classic) ya kwenye kompyuta kwa kawaida huzuia picha za nje mpaka msomaji aruhusu. Mhasibu anayesoma barua neno kwa neno, akaichapisha na kuipeleka kwa mkurugenzi, kwenye dashibodi bado ni "hajafungua".

Ndiyo maana ukiniletea ripoti inayosema "kufunguliwa asilimia 62", swali langu la kwanza ni wangapi kati ya hao wanatumia simu za Apple. Safu hiyo ina kazi moja tu iliyobaki: ikiporomoka ghafla kutoka wiki moja hadi nyingine, kuna kitu kimeharibika kwenye utumaji. Kusifia wala kulaumu maandishi kwa kuitazama hiyo, hapana.

Dhana: "Imefika" maana yake imo kwenye kikasha

"Imefika" maana yake ni kwamba seva ya mpokeaji haikuikataa. Baada ya kuipokea, seva hiyohiyo inaweza kuitupa kwenye barua taka, na mtumaji hapewi taarifa. Dashibodi yenye asilimia 98 ya kufika na majibu sifuri si kitendawili. Mara nyingi jibu liko kwenye folda la barua taka.

Februari 2024 Google na Yahoo zilikaza masharti. Anayetuma barua nyingi, ambaye kwa Gmail ni yule anayezidi barua 5,000 kwa siku, lazima athibitishe kikoa chake (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani) kwa SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayoonyesha kwamba barua imetoka kwake kweli, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Asilimia 0.3 ni watu watatu kati ya elfu moja! Nayo Gmail haikutajii ni nani aliyebonyeza kitufe cha barua taka, kwa hiyo dashibodi ya programu yako ya kutuma barua haiwezi kukuonyesha malalamiko ya Gmail. Yanaangaliwa kwenye Postmaster Tools ya Google, huduma ya bure ambayo timu nyingi za mauzo hazijawahi kuifungua.

Dhana: Mtu akibofya kiungo, huyo ni mteja wa moto, yuko karibu kununua

Angalia muda. Barua imetumwa saa 3:00:04, na kufikia saa 3:00:09 viungo vyote sita vimebofywa, pamoja na kile cha kujiondoa kilichoko chini kabisa. Hakuna binadamu anayesoma hivyo. Huyo ni mlinzi wa mtandao wa shirika, mashine inayofungua kila kiungo kabla ya kumfikishia mfanyakazi barua ili kuona kama kina virusi. Benki, mashirika ya kimataifa na kampuni kubwa wanazo mashine hizo. Matokeo yake ni kwamba kadiri mteja anavyokuwa mkubwa, ndivyo mibofyo yake inavyozidi kuwa ya bandia, na afisa mauzo anampigia simu mtu wa manunuzi akijinadi, "nimeona umevutiwa na huduma yetu". Aibu hiyo inaepukika kwa kuchuja mibofyo yote ya sekunde za mwanzo.

Dhana: Meseji 1,000 ni meseji 1,000

Kwa SMS hakuna kitu kinachoitwa "kufunguliwa". Ripoti ya mtandao inasema tu kwamba simu ya mpokeaji imeipokea. Kampuni inayokuuzia kiwango cha kufunguliwa kwa SMS inakuuzia makisio.

Kinachostahili kuangaliwa ni gharama. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Sasa kuna mtego unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Andika "ng'ambo" au "ng'ombe" kwenye Word, na programu inakibadilisha kile kialama kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kilichopinda hakimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, kwa hiyo ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine ambapo nafasi ni herufi 70 tu, na ukigawanywa kila kipande ni 67. Ujumbe wa herufi 150 uliotakiwa kulipiwa mara moja unalipiwa mara tatu. Emoji moja nayo inafanya vilevile. Mitambo mingine hurekebisha yenyewe, mingine haijali. Dashibodi inaonyesha "zilizotumwa 1,000", ankara inasema vipande 3,000, halafu mtu wa fedha anaitwa kujieleza kwa jambo asilolijua.

WhatsApp ina tiki za buluu, lakini mtu anaweza kuzizima. Hesabu ya "waliosoma" huko ichukuliwe kuwa kiwango cha chini.

Dhana: Majibu ni majibu

Shule 400 zimeandikiwa, majibu 20, asilimia 5. Makofi. Kabla ya makofi, fungua hayo majibu 20 uyasome, kwa sababu yanaweza kuwa hivi: manane ni ya mashine, "Nipo likizo hadi tarehe 14, kwa dharura wasiliana na ofisi". Matano ni "Naomba mniondoe kwenye orodha yenu". Mawili ni "Nani kawapa anwani yangu?" Matatu ni "Asante, tumepokea", ambalo kwa ustaarabu wetu ni hapana iliyofungwa kwa adabu. Moja ni la mwalimu anayeomba kazi. Na moja, moja tu, linasema: "Tutumieni profoma (ankara ya awali), shule ina wanafunzi 640."

Kwenye dashibodi yote yana uzito sawa. Baadhi ya programu zinajaribu kuyapanga majibu zenyewe kuwa mazuri na mabaya, ila zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza. "Tutaangalia, Mungu akipenda" zinaiweka panapozijia. Kwa majibu ishirini kwa wiki hakuna sababu ya kuiachia mashine kazi hiyo. Afisa mauzo mmoja na kikombe cha chai anayamaliza.

Uliza pia asilimia hiyo imegawanywa kwa nini. Majibu 46 kwa barua 1,000 zilizotumwa ni asilimia 4.6. Yagawanye kwa 920 zilizofika, inakuwa 5. Yagawanye kwa 400 "zilizofunguliwa", inaruka hadi 11.5. Majibu ni yaleyale. Anayetaka kung'ara kikaoni anajua agawanye kwa nini.

Dhana: Anayepiga simu nyingi ndiye anayefanya kazi

Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alieleza kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa chombo cha kudhibitia watu, kinapoteza uaminifu wake. Alikuwa akizungumzia sera ya fedha, lakini chumba chochote cha mauzo kinamthibitisha. Weka lengo la simu 60 kwa siku na simu 60 zitapigwa: nyingine zitakatwa baada ya mlio wa pili, nyingine zitapigwa kwa namba ambayo kila mtu anajua haipatikani.

Mfano mkubwa wa madhara yake ni benki ya Wells Fargo ya Marekani. Wafanyakazi walishinikizwa na malengo ya kila siku ya kumwuzia mteja mmoja huduma nyingi, wakaishia kufungua mamilioni ya akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ilitozwa dola milioni 185, na ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300. Februari 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 nyingine. Kwenye ripoti za ndani mauzo yalionekana yanapaa.

Dhana: Ujumbe B umeshinda, tuutumie huo

Tuseme barua mbili zinajaribiwa ili kuona ipi inajibiwa zaidi. Barua A ilienda kwa shule 50 ikapata majibu 3. Barua B ilienda kwa 50 ikapata 5. Dashibodi inaweka nyota kwenye B na kuandika kwamba imefanya vizuri zaidi kwa asilimia 67. Kihesabu ni sahihi. Kitakwimu, kwa majibu 3 kati ya 50 kiwango halisi cha A kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 1 na 17, na cha B kati ya 3 na 22. Masafa hayo yameingiliana karibu yote. Mkurugenzi mmoja akirudi safari na kujibu barua zake, mshindi anaweza kubadilika.

Dhana: Wastani ukipanda, kazi imeboreka

Mwezi wa kwanza: wateja wa zamani 100 waliandikiwa, 20 wakajibu, wapya 900, wakajibu 27. Jumla 47 kwa 1,000. Mwezi wa pili: wa zamani 300, wakajibu 54, wapya 700, wakajibu 14. Jumla 68. Grafu imepanda kutoka 4.7 hadi 6.8. Lakini wa zamani wameshuka kutoka asilimia 20 hadi 18, na wapya kutoka 3 hadi 2. Kila kundi limeshuka, wastani umepanda, kwa sababu tu safari hii waliandikiwa zaidi wale wanaotufahamu. Jumla isiyogawanywa kwa makundi haistahili kuingia kikaoni.

Dhana: Saa inayoonyeshwa ni saa yetu

Fupi hii. Programu nyingi huhifadhi muda kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Kama mipangilio haikubadilishwa, "muda bora wa kutuma 06:00" ni saa tatu asubuhi kwetu, si alfajiri watu wakiwa wanatafuta daladala.

Dhana: Wanaojiondoa ni hasara

Aliyejiondoa amekusaidia kuliko aliyekushtaki kwa Gmail. Isitoshe sheria iko upande wake: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Kwenye dashibodi, angalia kama aliyejiondoa kwenye barua pepe bado yumo kwenye orodha ya SMS. Mara nyingi yumo.

Dhana: Dashibodi inajua nani amenunua

Kwa duka la mtandaoni ambako mtu anabofya, anaweka kadi na kulipa, ni kweli kwa kiasi. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Mwalimu mkuu anasoma barua, anamtaja mwuzaji kwa mmiliki wa shule, mmiliki anapiga simu kwa namba aliyopewa na rafiki yake, mhasibu analipa kwa M-Pesa kutoka kwenye simu yake binafsi. Dashibodi inaandika: kampeni imezaa sifuri. Mauzo yanaandikwa "mteja amekuja mwenyewe", na bajeti ya barua inakatwa.

Dawa yake haihitaji programu mpya. Kila profoma ipewe namba yake ya kumbukumbu yenye alama ya kampeni iliyoizaa, na mteja aingize namba hiyo anapolipa kwa namba ya kampuni. Malipo yatarudi na alama hata kama yametoka kwenye simu ya mke wa mmiliki. Kwenye M-Pesa ya Kenya, Till ya kawaida (namba ya kulipia dukani) haina sehemu ya kuweka kumbukumbu, Paybill (namba ya kulipia bili) inayo. Na anayepokea simu aulize "mmetusikia wapi?" kisha aandike jibu lenyewe, si kuchagua kwenye menyu ya majibu manne.

Halafu kuna suala la muda. Shule iliyoandikiwa Oktoba inaweza kulipa Januari, wazazi wakishaanza kuleta ada. Ofisi ya serikali inasubiri mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1. Ripoti ya Oktoba ikifungwa Oktoba, itaonyesha gharama bila pato, na Januari itaonyesha pato bila jasho. Kwa hiyo mauzo yapangwe chini ya mwezi ambao mteja aliandikiwa mara ya kwanza, na safu ya Oktoba iachwe wazi mpaka Machi.