Mafua yakija, prednisoloni usiitupe chooni

Mama mmoja wa Urambo aliingia chumbani kwangu hapa Tabora akishikwa mkono na bintiye. Ana ugonjwa wa kuvimba utumbo mpana, ule ambao ukiamka choo kinatoka na damu na makamasi, na alikuwa na miezi 4 anameza prednisoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe huo. Nikaomba nizione dawa. Akatoa bahasha ya kaki, akaikung'uta mezani. Haikudondoka hata chembe.

"Zimekwisha kabla ya siku, mama?"

"Nimezimwaga chooni, daktari. Huyu kasoma kwenye simu kwamba zinaua kinga, na mafua makubwa yanakuja."

Binti akainamia simu yake. Sikumlaumu sana, maana alichosoma kilikuwa nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomleta mama yake kwangu akiwa na kizunguzungu, anatapika, presha imeshuka.

Nianze na iliyo kweli. Prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, ikimezwa wiki 2 na kuendelea, inapunguza makali ya kinga. Azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, nayo ni hivyo hivyo. Sulfasalazini, nayo dawa ya utumbo, haimo kundi hilo, anayeitumia aendelee tu. Mtu wa prednisoloni akipata mafua makali anafika kwenye nimonia kirahisi kuliko jirani yake, tena homa yake inaweza isipande sana kwa kuwa dawa inaifunika. Anajiona ana mafua ya kawaida, kumbe kifua kimeshajaa.

Sasa kuhusu kutupa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kotisoli, ile inayoshikilia presha na sukari wakati mwili umeshambuliwa. Ukimeza prednisoloni zaidi ya wiki 3 hivi, tezi hizo zinaona kazi yao inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla haziamki siku hiyo. Wengine huchukua wiki, wengine miezi. Mafua yakukute hapo katikati: mwili unadai kotisoli nyingi kuliko siku zote na hakuna wa kuitoa. Ndiyo maana tunaipunguza kidogo kidogo. Ndiyo maana pia mgonjwa wa namna hii akishikwa na homa, mara nyingine namwongezea dozi, jambo ambalo ndugu zake huniangalia kama nimechanganyikiwa. Azathioprini ni tofauti: maambukizi yakiwa makali naweza kuisimamisha kwa muda. Lakini hilo tuliamue pamoja.

Mafua ya H1N1 ya 2009, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatangaza kuwa janga tarehe 11 Juni na kulifunga 10 Agosti 2010, yana mambo mawili yanayomhusu daktari wa matumbo kama mimi. Yaliharisha na kutapisha watu kuliko mafua ya kila mwaka. Na yaliwaandama vijana zaidi, kwa kuwa miili ya wazee wengi iliwahi kukutana na virusi vya zamani vinavyofanana na hicho. Ugonjwa wa kuvimba utumbo nao hupenda kuanza ujanani. Kwa hiyo kijana anaharisha, hajui ni mafua au ni utumbo umeamka. Mimi huuliza habari ya damu, na kama anaamshwa usiku kwenda chooni. Hayo hunielekeza kwenye utumbo. Kuharisha maji pamoja na kikohozi na mwili kuvunjika kunanielekeza kwingine. Na kwa kuwa hapa ni Tabora, kipimo cha malaria kinatangulia yote.

Kinachonitisha kuliko kirusi chenyewe ni vidonge vya maumivu. Mwili unauma, mtu anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki. Mwenye vidonda vya tumbo akiimeza siku tatu nne, choo kinageuka cheusi kama lami, kinanata, kina harufu usiyoisahau. Hiyo ni damu iliyomeng'enywa, asisubiri kesho. Parasetamoli ndiyo yake. Mwenye ini bovu, kwa sababu ya homa ya ini au pombe, asizidishe vidonge 4 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Antibayotiki haigusi kirusi cha mafua, inauvuruga tu utumbo ambao tayari una kesi. Oseltamiviri, dawa ya kupambana na kirusi cha mafua chenyewe, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, kwa hiyo mwenye kinga dhaifu asikae nyumbani akijifukiza hadi siku ya tano. Chanjo ya mafua ya sindano ina virusi vilivyouawa, anaruhusiwa. Ile ya kupuliza puani ina virusi hai, aiache. Na anayeharisha kila siku awe na pakiti za ORS ndani, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa, pamoja na dawa zake za mwezi mmoja wa ziada. Janga likija, magari hupungua kabla wagonjwa hawajapungua.

Mama tulimtundikia dripu na haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa. Kesho yake asubuhi alikunywa uji. Siku ya kuondoka nikamwandikia ratiba ya kupunguza vidonge, wiki kwa wiki. Binti akaipiga picha, kisha akaweka kengele ya saa 2 asubuhi kwenye simu ile ile.