Kasino ya filamu na ile sifuri ya kijani
Filamu ya kasino ikiisha, barazani Mji wa Kale, Mombasa, hakosekani wa kusema gurudumu la ruleti, lile la kubahatisha kijipira kitatua kwenye chumba cha rangi gani, lina sumaku na tajiri ana kitufe chini ya meza. Mwenzake atabisha: shujaa akiwa na moyo mgumu, akaingoja nyekundu iliyokawia, lazima itoke.

Yote mawili ni chumvi ya watunzi. Ruleti ya Ulaya ina vyumba 37: vyekundu 18, vyeusi 18 na sifuri ya kijani. Ukiweka shilingi 1,000 kwa nyekundu ukashinda, unapewa 1,000 juu yake, kana kwamba sifuri haipo. Ipo. Kwa wastani, kila mizunguko 37 ya namna hiyo inamwachia mwenye kasino 1,000 yako. Sumaku ya nini, basi? (Filamu hazionyeshi hasara ya polepole hivi; nani atanunua tiketi?)

Na gurudumu halina kumbukumbu. Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, Monaco, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kumimina pesa kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika, wakazipoteza. Kila mzunguko, nafasi ya nyekundu ilikuwa ileile: 18 kati ya 37.