Saa ya dhahabu ni nini, na mbona Diani jua halizami baharini

Kila Desemba ikikaribia lazima mtu aniulize swali moja kwa WhatsApp. Ashakata tiketi ya treni ya SGR, ashalipia nyumba Diani, sasa anataka kujua jua linazama baharini saa ngapi ndio apige ile picha ya chungwa na minazi. Namjibu vile ninavyowajibu wote, Diani jua halizami baharini, linatoka baharini. Pwani yetu ya Kenya, ukitoa ghuba na visiwa, inaangalia mashariki. Jioni jua linaenda kuzama nyuma yako, huko bara, nyuma ya hoteli na miti. Ukitaka jua na bahari pamoja Diani, amka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi uende ufuoni, na nakuambia kwa moyo wote hiyo picha ni nzuri kuliko uliyokuwa unaitafuta jioni, tena mchanga hauna watu.

Lakini swali lenyewe linahusu kitu ambacho wapigapicha wanakiita saa ya dhahabu, na naona wengi wanalitumia hilo jina bila kujua ni nini hasa. Saa ya dhahabu ni ule wakati jua liko chini, karibu na upeo wa macho, asubuhi linapochomoza na jioni linapozama, na mwanga unakuwa wa manjano, laini, na vivuli vinakuwa virefu. Wengi wanaihesabu tangu jua likiwa nyuzi 6 za pembe juu ya upeo mpaka nyuzi 4 chini yake. Kwa hiyo inategemea jua limefika kimo gani. Saa ya mkononi haiwezi kukuambia hilo peke yake.

Ile rangi inatoka wapi? Mchana jua likiwa utosini mwanga wake unapita hewa kidogo tu mpaka ukufikie. Jioni unaingia kwa mshazari na unalazimika kupita hewa nyingi sana, jua likigusa upeo wa macho hewa hiyo ni karibu mara 38 ya ile ya utosini. Chembe za hewa zinatawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, ndio maana mbingu ni buluu mchana, na mwanga ukisafiri njia ndefu hivyo buluu nyingi inamwagika njiani na kinachokufikia ni manjano, chungwa na nyekundu. Mwanasayansi Mwingereza aliyeitwa Rayleigh ndiye aliyelieleza jambo hili kwa hesabu, mwaka 1871.

Sasa hapa ndio mahali ambapo maelezo mengi ya mtandaoni yanatupotosha sisi, kwa sababu yanaandikwa na watu wa Ulaya. Wao wanaposema saa, kwao inaweza kukaribia saa kweli. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kila dakika 4, na huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, kama jiwe, kwa hiyo zile nyuzi 6 za mwisho zinaisha kwa dakika 24 hadi 26 basi. London mwezi wa Juni jua linashuka kwa mshazari na nyuzi hizohizo 6 zinachukua kama dakika 50. Umeona? Mara mbili. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba utulie, una muda, ujue hiyo haikuhusu wewe uliye Diani ama Lamu. Ukienda kuoga kwanza halafu utafute viatu halafu umngoje shemeji amalize chai, imeisha.

Mimi nashauri mtu awe pale amesimama saa kumi na moja na nusu jioni, ashachagua mahali, ashajua mnazi gani anautaka kwenye picha na upande gani. Mombasa na Diani jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 40 kulingana na mwezi, na linawahi kuliko Nairobi kwa kama dakika 10 hivi kwa sababu Mombasa iko mashariki zaidi. Mtu wa Nairobi akitumia mazoea ya nyumbani anachelewa. Napenda sana vile Kiswahili kinatusaidia hapa, saa zetu zinahesabiwa kufuata jua, mchana unaanza jua likitoka na unafunga hesabu saa kumi na mbili, na neno magharibi lenyewe ni upande na ni wakati kwa pamoja. Ukiwa Mji wa Kale Mombasa ukasikia adhana ya Magharibi, jua limeshazama, huhitaji programu ya simu.

Na usiondoke hapo! Hili nalisisitiza kwa sababu naona watu wakikung'uta mchanga na kuondoka jua likipotea tu. Kuna neno zuri la Kiswahili, shafaki, ule wekundu unaobaki mbinguni baada ya jua kuzama, na mara nyingi dakika 10 au 15 baadaye ndio mawingu ya juu yanawaka kwa chini kwa sababu jua bado linayafikia yale ingawa wewe hulioni. Mbingu ikiwa tupu kabisa bila wingu hata moja picha inakuwa tambarare, mawingu mepesi ya juu ndio rafiki yako, na jioni baada ya mvua hewa imeoshwa rangi zinatoka safi sana. Baada ya shafaki kufifia inakuja buluu nzito ya dakika chache, taa za mashua zikiwaka, hapo shikilia simu kwa mikono miwili ama iegemeze mahali maana picha itatikisika.

Kuhusu simu yenyewe. Kamera ikiachwa ijiamulie inaona ile rangi ya manjano kama kosa na inajaribu kuirekebisha, unapata picha ya kijivujivu unashangaa dhahabu imeenda wapi. Ingia mahali pa kurekebisha rangi ya mwanga, kwa kamera wanaita waiti balansi, uweke alama ya jua au ya wingu badala ya oto. Halafu gusa skrini pale kwenye mbingu karibu na jua, ushikilie kidole mpaka ijifunge, kisha shusha mwanga kwa kidole kidogo kidogo mpaka rangi irudi. Jahazi lenye tanga litabaki jeusi kabisa mbele ya mbingu, na hiyo ni sawa, umbo la tanga linajieleza lenyewe.

Ila mtu si tanga. Hapa nina neno, kwa sababu nimeona picha nyingi za harusi na likizo ambapo ndugu zetu weusi wamesimama mgongo kwa jua na nyuso zimepotea, halafu mtu anaambiwa eti ngozi yake haitoki vizuri kwenye picha. Si ngozi, ni mahali aliposimamishwa. Ngozi nyeusi kwenye saa ya dhahabu ni kitu kizuri ajabu, inashika ule mwanga na kung'aa. Mgeuze mtu uso ulielekee jua, ama kwa upande ili shavu moja lipate mwanga na lingine kivuli, na gusa skrini usoni kwake, sio mbinguni. Mbingu ikififia kidogo iache ififie, uso ndio picha.

Jambo dogo la vifaa, ukitoa simu au kamera kwenye chumba chenye eisi ukaingia joto la pwani lenzi inajaa mvuke, iache kwenye begi nusu saa kwanza. Na chumvi ya upepo inakaa kwenye lenzi usiione, futa na kitambaa laini.

Kama roho yako imeng'ang'ania jua la jioni juu ya maji, Kenya lipo, ila lazima utafute mahali maji yako magharibi kwako. Ghuba ya Kilifi, Mida pale Watamu, ama Lamu ukipanda mashua mkae kwenye mkondo wa kati ya Lamu na Manda, jua litashukia upande wa Lamu na majahazi yako mbele yake. Lamu lakini omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama wa buibui, salamu kwanza, na akikataa basi amekataa. Kisumu nako, ziwa liko magharibi, ni machweo ambayo hayasifiwi vya kutosha. Zanzibar wana bahati zaidi, Mji Mkongwe unaangalia magharibi kwa hiyo pale Forodhani jua linaingia baharini kabisa, lakini ukilala Paje uko mashariki kama Diani tu.

Na wewe wa Diani ambaye ashalipa na harudishiwi, jioni ipe magharibi mgongo uangalie bahari. Jua likishazama utaona chini kabisa juu ya maji kuna ukanda wa buluu iliyofifia, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda angani. Maji yakiwa yanakupwa mchanga unabaki umelowa na unarudisha ule waridi kama kioo, piga ukiwa umeinama chini karibu na mchanga. Na ukiweza kuchagua tarehe, chagua siku ya mwezi mpevu, kwa sababu siku hiyo mwezi unachomoza mashariki karibu wakati uleule jua linazama magharibi. Unakaa mchangani, mgongo bado una joto la mchana, na mbele yako mwezi mkubwa wa rangi ya chungwa unatoka ndani ya Bahari ya Hindi.